Wanajua namba zetu zote: watutumie na mesaji ya kuacha sigara



Fungua telefone yako sasa hivi na uangalie mesaji za juma hii. Hesabu zile za mama, za rafiki, za mupenzi. Kisha hesabu zile zenye kutoka kwa namba fupi: pari ya mupira, mega za usiku, tombola ya pikipiki, mukopo wa haraka haraka. Tulifanya ile hesabu pamoja katika mukutano wetu wa Dilala, na kwa wengi wetu namba fupi zilishinda watu. Wanajua kutupata. Wanatupata saa kumi na moja ya asubui, wanatupata kanisani, wanatupata hata wakati umeme umekatika na batri imebakia na kamustari kamoja.

Lakini hakuna hata mumoja wetu mwenye alishapata mesaji yenye kumuuliza: unataka kuacha sigara? Tukusaidie?

Leo tunaandika juu ya ile mesaji yenye haijakuya.

Tunajua wengine watacheka. "Muko na shida ya maji, ya barabara, ya kazi, na munaandika juu ya sigara?" Ndiyo, tunaandika. Juu sigara ya Kolwezi haikai mbali na hizo shida. Angalia nani anavuta na anavuta saa gani. Kijana mwenye diploma ya universite anaamuka saa kumi na mbili, anaenda kusimama mbele ya mulango wa kampuni, makaratasi yake mukononi. Wanamwambia ngoja. Anangoja. Sigara ya kwanza inamusaidia kungoja, ya pili inafunga njaa, ya tatu ni juu mwenzake amemupa na haiko muzuri kukatala. Mangaribi kazi hakuna, lakini deni kwa mama wa ligablo iko. Mwenzake mwenye kuchimba anavuta juu ya baridi ya usiku na woga wa kushuka mu shimo. Wa motari anavuta akingojea mutu wa kubeba. Kwetu sigara imekuwa saa ya mutu mwenye hana kazi: inahesabu wakati wenye hautembei.

Na inauzishwa moja-moja. Wengi wetu hawakuanza na pakiti. Tulianza na moja, kwa ligablo ya avenu, pembeni ya biskuti, bonbon na unite. Mutoto wa miaka kumi anatumwa na baba yake kuleta moja, anaileta, na siku ingine anajinunulia ya kwake. Ile mapatano ya dunia juu ya tumbako, yenye OMS ilisimamia na Kongo yetu iliikubali mwaka wa 2005, inaambia nchi wazi katika kipande cha 16 zijikaze kukataza kuuzisha sigara moja-moja, na zisiuzishie watoto. Pitia leo mangaribi kwa ligablo ya karibu na kwenu, uone kama ile karatasi ilifika.

Fanya hesabu yako mwenyewe. Sigara tano kila siku ni sigara 1 825 kwa mwaka, ni kusema pakiti 91 na kitu. Hatuandike bei hapa, juu bei inabadilika na kila mutu anajua ya kwao. Zidisha mwenyewe, kisha uangalie ile franga ingekulipia nini.

Kisha kuko vumbi. Wenye hawaishi hapa hawawezi kuelewa. Makamio ya machimbo yanapita, vumbi inaingia mu nyumba, mu chakula, mu kifua ya mutoto. Wenye kuchimba wanapumua vumbi ya mawe siku nzima, na ile vumbi inafungulia kifua kikuu njia. Sigara nayo, waganga wanasema, inaongeza hatari ya kupata kifua kikuu karibu mara mbili. Na Kongo iko kati ya nchi 30 zenye kifua kikuu inalemea zaidi katika dunia. Kwa hiyo mutu wa Kolwezi mwenye kuvuta hachezi mchezo moja na mutu mwenye kuvuta pembeni ya bahari. Na tuseme wazi mbele ya wakubwa kuchukua neno letu na kuligeuza: hatusemi kama vijana wanakohoa juu ya sigara tu. Vumbi ya makampuni tutaendelea kuiandikia, kwa majina na kwa tarehe. Lakini vumbi haiwezi kutoka kesho kwa sababu wewe umeamua, na sigara inaweza.

Inaweza, lakini haiko mwepesi, na hapa njo watu wetu wanatudanganya. Ukisema unataka kuacha, mukubwa anakuambia: "Acha tu, uko mwanaume." Muchungaji anasema: "Omba." Hatukatai maombi. Lakini nikotini ni kitu cha ndani ya damu na ndani ya kichwa. Ukiacha, siku mbili tatu za kwanza njo mbaya kupita zote: hasira, usingizi unakimbia, kichwa kinauma, mutu anakutazama tu na unataka kumupiga. Juma ya kwanza ikipita, inaanza kupungua polepole. Na ile hamu kali yenyewe, yenye kukushika ukiwa na kahawa mukononi ao pembeni ya bia, kwa kawaida haikai saa nzima. Inakuja, inapanda, inakaa dakika chache, inashuka. Mutu akivuka zile dakika, amevuka.

Sasa nani anaweza kuwa karibu na wewe katika zile dakika? Muganga hawezi. Mama hajui kama unavuta. Bango ya kampanye kwa mulango wa hopitali iko hopitalini. Kitu kimoja tu kiko pale, mu mufuko, upande ule ule wa pakiti: telefone.

Haya hatukuyatunga sisi. Katika Nyuzilandi, wafanyakazi wa universite ya Auckland walichukua watu 1 705 wenye kutaka kuacha, wengi vijana sawa sisi, nusu yao hawakupita miaka 22. Nusu ya watu walitumiwa mesaji za kuwasaidia, kwa luga ya vijana, na Wamaori walipata zenye kuwa na luga na mambo ya kwao. Walipewa pia mwezi moja ya kutuma mesaji bure, kidole kipate kazi ingine. Kisha majuma sita, kati ya watu 100 wenye walipata mesaji, 28 walisema hawavuti tena. Kati ya 100 wengine, 13. Ile ilitangazwa mwaka wa 2005, wakati wengi wetu tulikuwa tunajifunza kusoma. Utasema: walijisemea wenyewe, nani anajua kama walisema kweli? Ni ulizo ya muzuri. Waingereza waliliuliza pia. Wakachukua watu 5 800, wakatuma mesaji tano kila siku kwa majuma tano, kisha tatu kwa juma mpaka miezi ikapita. Mutu akishikwa na hamu alituma neno moja, jibu inarudia. Mwisho wa miezi sita hawakuuliza tu, walipima mate. Kati ya 100 wenye walipata mesaji, karibu 11 walikuwa wameacha kweli kweli. Kati ya 100 wenye hawakuzipata, karibu 5. Ilitoka katika Lancet, gazeti kubwa ya waganga, mwaka wa 2011.

Kumi na moja kwa mia. Hatutapamba ile namba. Maana yake watu 89 kati ya 100 waliendelea kuvuta, na mutu mwenye atakuuzishia mesaji sawa dawa ya muujiza ni mwongo. Lakini ichukue kwa upande ingine: vijana 1 000 wenye kutaka kuacha, mesaji inaongeza wenye kufaulu karibu 58, kama mambo yangekuwa hapa sawa vile yalikuwa kule. Mabasi mawili yenye kujaa. Na ile ni kwa kitu chenye hakina pikire, hakina foleni, hakina "rudia kesho". Muchunguzi wa Cochrane, wale wenye kukusanya majaribio ya dunia na kuyapima pamoja, walisema mwaka wa 2019 kama mesaji zinasaidia kweli, lakini programu za smartifone hazijaonyesha kama zinasaidia. Hapo tulifurahi kidogo. Kwa mara moja, telefone ya kubofya ya mama yetu inashinda ile ya mutoto wa boss. SMS haiombi mega.

Lakini jaribio lenye lilitugusa zaidi halikutoka Ulaya, na halikuwa la sigara. Lilitoka Kenya, kwa watu wenye kusema Kiswahili.

Kati ya 2007 na miaka yenye ilifuata, katika Nairobi na Kajiado, watu 538 walianza dawa za ukimwi. Nusu yao, kila siku ya kwanza ya juma, walipata mesaji moja kutoka kwa kliniki. Neno moja: "Mambo?" Tu. Walipashwa kujibu mbele ya siku mbili kupita: "Sawa" ao "Shida". Mwenye kuandika "Shida", ao mwenye kunyamaza, mufanyakazi wa kliniki alimupigia. Mwisho, kwa wale wa "Mambo?", 57 kati ya 100 virusi ilikuwa imezimwa, kwa wengine, 48. Angalia vile walifanya. Hawakutuma fundisho. Hawakutuma picha ya mapafu meusi. Mesaji haikutaja ukimwi, basi hata mutu mwingine akishika telefone yako, anaona tu rafiki anakusalimia. Na nyuma ya neno kulikuwa mutu, mwenye masikio, mwenye alipiga kweli. Sisi tunafikiri nguvu ilikuwa pale. Mashine ya kutuma bila mutu wa kujibu ni pari ya mupira tu yenye kuvaa koti ya muganga.

Fikiria dada zetu. Kuko dada wengi Kolwezi wenye kuvuta kwa kujificha, juu mwanaume akivuta wanasema ni kijana, mwanamuke akivuta wanasema ni kitu kingine. Hawa hawatakuja kusimama katika kliniki ya kuacha sigara ya kartie, hata tukijenga moja kesho. Lakini "Uko namna gani?" kwa telefone, watajibu.

Sasa tufike kwa wakubwa.

Watatuambia ni vigumu: namba za watu ni nyingi, makampuni ni mingi, teknike ni ngumu. Hapo tunakumbuka RAM. Kutokea 2020 mpaka walipoiondoa katika 2022, unite zilikatwa katika telefone za Wakongomani, kutoka Kinshasa mpaka Kasumbalesa, bila mutu kukosa, bila teknike kuwa ngumu. Tulipiga kelele, raia wa nchi nzima walipiga kelele, ikaisha. Lakini ile RAM ilitufundisha kitu kimoja chenye hatutasahau: wakati serikali inataka kufikia kila telefone, inaifikia. Basi njia iko. Ilitumika kwa kuchukua. Tunaomba itumike mara moja kwa kuleta.

Watatuambia pia franga hakuna. Kode ya machimbo yenye ilitengenezwa upya mwaka wa 2018 inagawanya redevanse ya machimbo hivi: 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini na sefferi zenye machimbo iko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vyenye kuja. Lualaba njo nchi ya shaba na kobalti, kila mutu wa dunia mwenye gari ya batri anatujua bila kujua kama anatujua. Tunaamini kipande kidogo sana cha ile redevanse kinaweza kulipia SMS na watu wane wenye kujibu telefone. Hawa watu wane, tuko nao. Tuko na wenye walisoma saikoloji, tuko na wauguzi wenye diploma wenye kukaa nyumbani. Hatuombi wataalamu kutoka mbali.

Na sheria? Iko. Kipande cha 14 cha yale mapatano ya tumbako kinasema nchi isaidie watu kuacha. Sheria ya afya ya watu, namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, iko na vipande juu ya tumbako. Karatasi tunazo kwa wingi. Tunaomba namba.

Njo hii tunaomba, na tutaipeleka kwa maandishi kwa burgumestre wa Dilala, kwa ministre wa afya wa jimbo na kwa makampuni ya telefone yenye kufanya kazi Lualaba. Namba moja fupi, ileile kwa makampuni yote, ya bure kabisa. Mutu abip tu na kuandikishwa, sawa vile India ilifanya mwaka wa 2016, juu mwenye hana unite pia anavuta. Mesaji ziandikwe kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi. Kifransa cha ofisi hatutaki, na Kiswahili chenye kuvaa kravati vilevile. Kijana akishikwa na hamu asome kitu sawa hiki: "Hamu imekuja? Itapita. Kunywa maji. Ondoka pale kwa ligablo, tembea mpaka kona ya avenu. Tuandikie ukifika." Ao hiki, siku ya tatu: "Leo njo siku ngumu kupita zote. Kama umekasirikia watu, haiko wewe, ni nikotini inatoka. Kesho tutakuuliza." Ao asubui ya kwanza: "Dakika 20 bila sigara moyo unaanza kutulia. Saa 12, ile hewa mbaya ya moshi imepungua katika damu. Uko pale tayari."

Neno moja tunalishikilia kwa nguvu kuliko yote: ile liste ya namba isiuzishwe. Isiende kwa wenye pari, isiende kwa kampuni ya sigara, isiende kwa mulango wa kampuni ya machimbo wenye kuchagua nani anaingia kazi. Mutu akituma "toka", atoke siku ile ile na namba yake ifutwe. Kama hawawezi kutuahidi hiyo kwa maandishi, basi waache kwanza. Vijana wa hapa walishaandikishwa mara mingi katika liste zenye hawajui mwisho wake, na hawatajiandikisha tena kwa sababu sisi tumewaambia.

Katika mukutano yaya mumoja alituuliza: "Na nyinyi wenyewe mutafanya nini wakati munangojea?" Alikuwa na haki. Hatutangojea kwa kuvuta.

Tunaanza na kitu kidogo, kwa unite zetu wenyewe. Kila mwenye kutaka kuacha anachagua mwenzake mumoja mwenye atamuuliza. Haipashwe kuwa mutu wa kikundi chetu. Anaweza kuwa dada yako, jirani, mutu wa korali, hata yule mwenye mulikuwa munavuta pamoja, kama naye anataka kuacha. Asiwe bibi ao bwana yako, tulijadili hiyo kwa kirefu na wengi walikatala: nyumbani mesaji inageuka kesi. Munachagua tarehe ya kuacha, isipite siku kumi na ine kutokea leo. Usiku wa mbele unatupa yenye kubakia, hata ile moja ya akiba nyuma ya sikio.

Siku tatu za kwanza mwenzako anakuandikia mara tatu kwa siku: asubui, saa sita, na saa ya bia. Kisha mara moja kwa siku mpaka juma ine zipite. Kisha kila siku ya kwanza ya juma. Neno moja tu: "Uko namna gani?" Unajibu "Muzuri" ao "Magumu". Ukivuta moja, unaandika "Nilianguka", na mwenzako haruhusiwe kukutukana. Munaanza tena siku ileile, juu wengi wenye waliacha walijaribu zaidi ya mara moja. Ukiandika "Magumu", ao ukinyamaza mpaka usiku, anakupigia. Asipokuwa na unite anabip na wewe unapiga, ao anakuja kwa miguu, Dilala haiko kubwa vile.

Sisi tunaandika tu namba ya wenye walianza na ya wenye wangali wanashikilia, bila majina, na kisha miezi sita tutaitangaza hapa hapa, hata ikiwa mbaya. Tukiwa mia na kumi na moja wakishikilia, tutaiweka mbele ya burgumestre. Tukiwa mia na watatu, tutaiweka pia, na tutamwambia hivi njo inakuwa wakati raia wanafanya peke yao kazi ya serikali.

Mesaji za kwanza zinatoka siku ya kwanza ya juma yenye kuja, saa moja ya asubui, mbele ya zile za pari kufika. Wenye hawana mwenzake wapitie kwa mukutano wetu siku ya posho, nyuma ya saa nane. Kahawa itakuwako. Visahani vya kuzimia sigara tuliviondoa.